Pasipoti ya mtoto kutoka Nyanda za Juu Kusini: tathmini ya huduma, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi kitabu kinapoisha muda

Huduma ya pasipoti ya mtoto katika mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe ni nzuri kuliko inavyosemwa vijiweni. Fomu iko mtandaoni, ada inajulikana, malipo yanapita kwenye simu, na mzazi wa Tukuyu au Mafinga halazimiki kwenda Dar es Salaam kuomba. Inapomchosha mzazi ni kwingine. Mtoto anakua na karatasi hazikui naye, na kufuatilia tarehe ni juu ya mzazi peke yake. Wengi hufungua droo wiki mbili kabla ya safari, ndipo wanakuta kitabu kimebakiza miezi minne, jina la mama kwenye cheti lina "r" na kwenye kitambulisho lina "l", na baba mwenye kutoa ridhaa yuko mgodini Chunya hapatikani.

Kwa hiyo hapa tunaipima huduma nzima kama mzazi anavyokutana nayo: cheti, picha, fomu, ofisi, kitabu chenyewe, na mpaka utakaovuka.

Kila mtoto na kitabu chake, na kikiisha kimeisha

Tanzania ilianza kutoa pasipoti ya kielektroniki tarehe 31 Januari 2018. Kitabu hiki kina chipu inayobeba taarifa na picha ya mwenyewe. Hakuna tena kumwandika mtoto ndani ya kitabu cha mama. Hata kichanga anayesafiri mgongoni kwa mbeleko anahitaji pasipoti yake, na mapacha ni fomu mbili, ada mbili, vitabu viwili.

Ada ya pasipoti ya kawaida ni Sh 150,000, inayolipwa kwa vipande viwili: Sh 20,000 unapojaza fomu na Sh 130,000 baadaye. Kwa familia yenye watoto watatu hiyo ni karibu nusu milioni kabla ya nauli, na hapa ndipo tunaipunguzia huduma alama. Mtoto anayebadilika sura kila mwaka analipiwa sawa na mtu mzima ambaye sura yake itamfikisha miaka kumi bila shida.

Wazazi wengi bado wanauliza kama kitabu kinaweza "kuongezewa muda" au kubandikwa picha mpya. Haiwezekani. Picha na tarehe vimeshachapwa kwenye ukurasa wa taarifa na kuhifadhiwa kwenye chipu, na mashine ya mpakani inalinganisha vyote viwili. Mtu akigusa kimoja tu, kitabu kizima kinaonekana kimechezewa. Kuhuisha maana yake ni ombi jipya na kitabu kipya chenye namba mpya.

Kuhusu muda, usikariri "miaka kumi" ukaishia hapo. Fungua ukurasa wa taarifa, soma tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye kitabu cha mtoto wako, uiandike mahali unapopaona. Nchi zinatofautiana: Uingereza na Marekani huwapa watoto walio chini ya miaka 16 kitabu cha miaka 5 tu, kwa sababu hiyo hiyo ya sura. Familia yenye mzazi raia wa huko huwa na vitabu viwili vyenye mwisho tofauti kwenye droo moja, na cha mtoto huisha kwanza.

Tarehe iliyochapwa si tarehe ya kusafiria

Hili ndilo huwaangusha watu wengi zaidi. Nchi nyingi hudai kitabu kiwe na uhai wa miezi sita mbele. Kitabu kilichoandikwa kwisha 30 Novemba, kwa nchi ya namna hiyo, kimekufa tangu mwisho wa Mei. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zina hesabu yao: kitabu kiwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku unayokusudia kuondoka kwao, kiwe kimetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na kiwe na kurasa mbili tupu.

Anayekukatalia mara nyingi si afisa wa nchi unayokwenda. Ni mhudumu wa shirika la ndege kaunta, kwa sababu shirika likimpeleka abiria asiyestahili kuingia, linatozwa faini na kumrudisha kwa gharama zake. Kwa mtu wa Mbeya maana yake ni kwamba unaweza kuruka salama kutoka uwanja wa Songwe, maana safari ya ndani haina habari na miezi sita, halafu ukazuiwa Dar es Salaam na mizigo mkononi na mtoto amesinzia begani.

Basi hesabu kurudi nyuma, kuanzia siku ya kurejea nyumbani. Chukua mfano wa mtoto wa miaka minane anayekwenda Ujerumani na mama yake likizo ya katikati ya mwaka 2027, kurudi 15 Agosti. Kitabu kiwe hai hadi 15 Novemba 2027 kwa uchache. Ombi la viza ya Schengen linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na mwenye akili hangoji hizo siku 15. Kitabu kipya kiwe mkononi mwezi Machi. Ili kiwe mkononi Machi, mpeleke mtoto ofisini likizo ya Desemba, asikose darasa. Na ili fomu ya Desemba isirudishwe, kasoro za cheti ziwe zimerekebishwa Septemba au Oktoba. Safari ya Julai inaanza kushughulikiwa Septemba ya mwaka uliotangulia. Haraka ya chini ya hapo inawezekana, ila unaweka nauli ya ndege rehani.

Kwa Zambia na Malawi, ambako Mtanzania haombi viza, watu hulegea. Familia za Tunduma na Kyela zinazovuka mara kwa mara zina tatizo lao: kurasa. Kila kuvuka ni muhuri wa kutoka na muhuri wa kuingia, kwenda na kurudi. Kitabu cha mtoto anayemtembelea bibi yake Nakonde au Karonga kila likizo kinaweza kujaa kabla tarehe haijafika. Hesabu kurasa tupu kila mwaka unapoangalia tarehe.

Herufi moja kwenye cheti

Ukituuliza ni wapi maombi ya watoto wa kanda hii hukwama, hatutasema fomu wala mtandao. Tutasema majina.

Mbeya ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuingia kwenye mpango wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, wa kusajili watoto walio chini ya miaka 5, mwaka 2013, na Iringa na Njombe zikafuata. Ni mpango mzuri sana, na tunausifu bila kusita. Mtoto anasajiliwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, cheti kinatoka bure, mama hasafiri hadi wilayani. Ila cheti hicho kinaandikwa kwa mkono, na anayeandika anasikiliza jina likitamkwa. Kwetu huku, ambako "r" na "l" hubadilishana viti mchana kweupe, Loida anakuwa Roida, Elasto anakuwa Erasto, Lehema na Rehema wanakuwa mtu mmoja mwenye vyeti viwili. Ukoo nao: kuna anayeandika "Mwakyusa" na anayeongeza "s" ya pili. Tumpe akiandikwa Tumbe, hakuna atakayeona hadi siku ya kujaza fomu.

Ofisini wanalinganisha cheti cha mtoto na kitambulisho cha taifa cha mzazi, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo chake. Jina la mama kwenye cheti cha mtoto lisipofanana na lililo NIDA, mamlaka inayotoa vitambulisho vya taifa, mlolongo wa kuthibitisha uraia umekatika, maana mtoto anathibitishwa kupitia kwa mzazi. Hapo hapana kubembeleza. Afisa anayekurudisha anafanya kazi yake.

Rekebisha cheti, usirekebishe fomu. Mzazi akiandika kwenye fomu jina "sahihi" lisilo kwenye cheti, ametengeneza karatasi ya tatu inayopingana na mbili za mwanzo. Masahihisho ya cheti huanzia ofisi ya RITA ya wilaya, ambayo kwa kawaida iko kwa Mkuu wa Wilaya. Nenda na cheti halisi, kadi ya kliniki, kitambulisho cha mzazi, na kiapo kilichosainiwa mbele ya wakili au hakimu. Kadi ya kliniki ina nguvu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa iliandikwa siku mtoto alipozaliwa au karibu yake. Usiitupe mtoto anapomaliza chanjo. Na cheti usikitie laminesheni, maana kikishafunikwa plastiki muhuri na wino havikaguliki vizuri.

Kuna jingine la kanda hii peke yake. Mkoa wa Songwe ulizaliwa Januari 2016 kutoka Mbeya, na Njombe ulitoka Iringa mwaka 2012. Mtoto aliyezaliwa Mbozi mwaka 2015 ana cheti kinachosema Mkoa wa Mbeya, na mdogo wake aliyezaliwa hospitali ile ile mwaka 2017 anasoma Songwe. Mzazi aliyezaliwa Makete au Ludewa miaka ya themanini ana Iringa kwenye cheti, na pengine Njombe kwenye kitambulisho. Kwenye fomu fuata cheti cha mwombaji kilivyo, neno kwa neno, hata kama mkoa huo leo uko upande mwingine wa ramani. Kama kitambulisho cha mzazi kinasema tofauti, lieleze jambo hilo mapema dirishani. Maafisa wa kanda hii wanalijua sana.

Fomu, picha na stesheneri

Fomu yenyewe ni sehemu bora ya huduma. Inajazwa kwenye mfumo wa Idara ya Uhamiaji, inakupa namba ya ombi na namba ya malipo ya serikali, ile kontroli namba, unalipa kwa simu au benki, unachapa, unapeleka. Namba ya malipo ina muda wake. Ukiiomba leo na kulipa baada ya kuvuna viazi, utakuta imekwisha na lazima uombe nyingine.

Wengi hujaziwa na vijana wa stesheneri, na kwa asiye na kompyuta ni msaada wa kweli. Sharti ni hili: namba ya simu na barua pepe ziwe zako, si za kijana. Wapo wanaoweka za kwao ili kazi iende haraka, kisha ujumbe wa ofisi unaingia kwenye simu ya mtu uliyemlipa mara moja na hamkuonana tena. Kabla hujalipa, mwambie akugeuzie kioo usome mwenyewe: majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, majina ya wazazi. Ondoka na namba ya ombi imeandikwa kwenye daftari lako.

Picha inatakiwa iwe na nyuma ya bluu mpauko. Studio nyingi za Mwanjelwa jijini Mbeya na Miyomboni mjini Iringa zina kitambaa hicho tayari. Shida huja na baridi yetu. Mtoto anafika amevaa mzula na sweta ya shule ya bluu, mpiga picha anamvua mzula, sweta inabaki. Matokeo yake ni kichwa kinachoelea, mabega yamezama kwenye rangi ya nyuma. Mvalishe rangi inayoachana na bluu: nyekundu, njano, kijani iliyokolea, hata nyeupe. Kola isipande kidevuni.

Kwa kichanga, mlaze chali juu ya kitambaa cha bluu mpauko kilichonyooshwa na mpiga picha apige kutoka juu. Macho wazi, mdomo umefungwa, hakuna chuchu ya plastiki wala mkono wa mama unaoshika shingo. Piga asubuhi akiwa ameshanyonya na kucheua, mbele ya dirisha. Taa ya juu peke yake humtia vivuli chini ya macho. Mtoto mwenye hereni au shanga za shingoni mvue, na nywele zisiteremke kwenye nyusi. Kusuka si tatizo, tatizo ni mabutu makubwa yanayobadilisha umbo la kichwa, kisha mwezi ujao anyolewe kwa ajili ya shule na awe mtu mwingine.

Siku ya kwenda ofisini

Mtoto lazima aende mwenyewe. Hakuna kumwacha kwa jirani na kupeleka karatasi peke yake. Ofisi za serikali zinafunguliwa saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Anayetoka Kyela, Chunya au Makete apange kulala mjini au apande gari la alfajiri. Mtoto aliyekaa garini saa tatu bila kula hatatulia mbele ya kamera.

Beba fomu iliyochapwa, cheti cha kuzaliwa halisi na nakala, vitambulisho vya wazazi na nakala, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo, picha, uthibitisho wa sababu ya safari, na ridhaa ya wazazi. Kama ni kuhuisha, kitabu cha zamani kiwe juu ya rundo. Usibane karatasi yoyote kwenye kitabu kwa pini ya stepula. Tundu dogo kwenye jalada linatosha kuua chipu.

Ridhaa ndiyo inayorudisha watu nyumbani. Mtoto aliye chini ya miaka 18 haombi peke yake. Wazazi wote wawili wakifika, mambo yanakuwa mepesi. Mmoja akiwa mbali, aandike barua yenye majina yake kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, jina la mtoto, tamko kwamba anaridhia pasipoti itolewe, saini, na muhuri wa wakili, pamoja na nakala ya kitambulisho. Mzazi aliyefariki, leta cheti cha kifo. Wazazi waliotengana na mahakama imeshatoa amri ya malezi, amri hiyo ndiyo inayosema. Bibi au mjomba anayelea bila karatasi yoyote ya mahakama atapata tabu, hata kama kijiji kizima kinajua amemlea mtoto tangu ananyonya. Ni jambo gumu kuliandika, kwa kuwa kanda hii ina mabibi wengi wanaolea wajukuu, na tungependa kuona utaratibu mwepesi zaidi kwao. Kwa sasa njia ni kuanza na ustawi wa jamii wa halmashauri, kisha mahakama, miezi kadhaa kabla ya safari kuzungumzwa.

Sura imebadilika, kitabu bado kizima

Mtoto aliyepigwa picha ana miezi mitatu hana anachofanana nacho akiwa na miaka minne. Hilo halikifuti kitabu. Kitabu ni halali hadi tarehe yake, na afisa mzoefu anajua watoto wanakua. Anachotazama ni kisichobadilika: umbali wa macho, umbo la sikio, alama ya kuzaliwa, na kama majina na tarehe vinaoana na yule anayempeleka. Msaidie. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa, na kwenye simu uwe na picha kadhaa za mtoto katika umri tofauti zikionyesha hatua kwa hatua. Kama sura imegeuka kabisa, kwa mfano baada ya upasuaji wa mdomo au kuungua, omba kitabu kipya usingoje tarehe.

Kwa msingi huo tuna ushauri ambao baadhi ya mawakala wa safari hawaupendi. Usimkatie pasipoti mtoto wa chini ya miaka mitano "kwa akiba". Kama hakuna safari inayoonekana, unalipa Sh 150,000 kuhifadhi sura itakayotoweka mwakani, na muda unaanza kuhesabika siku kitabu kinapotolewa. Tumia miaka hiyo kusafisha cheti, ambacho hakina mwisho wa muda. Kinyume chake ni kijana wa miaka 17 ambaye kitabu kinakaribia kuisha. Yeye ahuishe kabla hajafika 18. Akivuka hapo, ombi linadai namba yake mwenyewe ya NIDA, na kuipata kunaweza kuchukua muda kuliko pasipoti yenyewe.

Mtoto mwenye mzazi wa kigeni, na wapo wengi karibu na hospitali za misheni na mashamba ya chai, anaweza kushikilia uraia wa pande zote mbili akiwa mdogo. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo akifikisha 18 lazima achague. Familia ijue tarehe hiyo mapema kama inavyojua ya pasipoti.

Mpakani na viza

Mtoto anayevuka Tunduma kwenda Zambia au Kasumulu kwenda Malawi na mzazi mmoja, au na shangazi, abebe barua ya ruhusa ya safari. Hii si ile ya kuombea pasipoti. Iandike upya kwa kila safari: nani anampeleka, namba za pasipoti za wote wawili, wanakwenda wapi, kuanzia lini hadi lini, namba ya simu ya mzazi aliyebaki, saini na muhuri wa wakili. Afrika Kusini ilikaza sana jambo hili mwaka 2015 ilipoanza kudai cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Baadaye ililegeza, lakini kubeba cheti na barua bado kunakuepusha na maswali. Kama nchi unayokwenda inadai kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kumbuka cheti hicho huanza kutumika siku ya kumi baada ya sindano, na mtoto wa chini ya miezi tisa kwa kawaida hachanjwi.

Viza ya Schengen kwa mtoto wa chini ya miaka 6 haina ada. Kuanzia 6 hadi kabla ya 12 ni yuro 45, na kuanzia 12 ni yuro 90, viwango vilivyoanza Juni 2024. Chini ya miaka 12 hachukuliwi alama za vidole. Mtoto anayekaribia kutimiza 6 au 12 anaweza kuokoa fedha nzuri kama ombi litaingia kabla ya siku yake ya kuzaliwa, mradi liwe ndani ya ile miezi sita.

Kitabu kikishatoka

Kisome dirishani, mbele ya afisa, kabla ya kusaini kupokea: herufi za majina, tarehe, jinsia, mahali pa kuzaliwa, tarehe ya mwisho. Kosa linaloonekana hapo hapo hushughulikiwa kwa urahisi kuliko linaloletwa baada ya miezi miwili. Piga picha ukurasa wa taarifa, uitume kwa mwenzako na uihifadhi kwenye barua pepe. Siku kitabu kikipotea, namba hiyo ndiyo polisi na Uhamiaji watakayoiuliza kwanza.

Rungwe na Mufindi zina unyevu wa kuotesha ukungu kwenye kabati. Kitie kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, kilale tambarare, mbali na jiko na mbali na kalamu za mtoto. Mchoro wa jua kwenye ukurasa wa viza ni kitabu kilichoharibika, hata kama umechorwa vizuri. Usikikunje wala kukikalia mfuko wa nyuma wa suruali.

Kama kitabu cha zamani kina viza ambayo haijaisha, sema unapokabidhi ombi ili kibatilishwe bila kugusa ukurasa wa viza na urudishiwe. Viza ya Marekani, kwa mfano, inaendelea kutumika ndani ya kitabu kilichoisha muda mradi mtoto abebe vyote viwili. Vifunge pamoja kwa raba bendi. Na kwa kuwa namba ya kitabu kipya si ile ya zamani, tiketi iliyokatwa kwa namba ya zamani ipelekwe kwa shirika la ndege ibadilishwe kabla ya siku ya safari, na barua ya ruhusa iliyokwisha kugongwa muhuri iandikwe upya.